Maisha ya Lisanuddin ibn al-Khatib, Waziri wa Granada, na Risala Yake juu ya Tauni

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad (s.a.w.) pamoja na jamaa zake na masahaba zake, twasema: Ni desturi ya darasa yetu kuwakumbusha ndugu wasomaji maisha ya watu wakubwa waliotangulia, si kwa kujifakhiri kwa mifupa ya wazee, bali ili tuipime hali yetu kwa hali yao. Safari hii tumemchagua Lisanuddin ibn al-Khatib, aliyekuwa waziri, tabibu, mwandishi wa tarehe na mshairi katika mji wa Granada, nchi ya Andalusi. Wengi wanaomjua humjua kwa mashairi yake na kwa tarehe alizoziandika. Sisi tutamueleza zaidi kwa kijitabu chake kimoja kidogo, alichokitunga juu ya maradhi ya tauni. Kwani ndani yake mna suala ambalo watu wetu wangali wakilitetea kila maradhi ya kuambukiza yanapoingia mjini. Nalo ni hili: je, mtu kujihadhari na maradhi ni kupungukiwa na imani?

Kuzaliwa kwake na masomo yake

Jina lake ni Muhammad bin Abdillah. Lisanuddin, maana yake Ulimi wa Dini, ni lakabu. Alizaliwa katika mji mdogo wa Loja, ulio magharibi ya Granada, katika mwezi wa Rajab mwaka 713 wa Hijra, nao ni Novemba 1313. Wakati huo Waislamu wa Andalusi walikuwa wamekwisha kupoteza miji yao mikubwa. Cordoba ilitekwa mwaka 1236 na Sevilla mwaka 1248, ikabaki Granada peke yake chini ya wafalme wa Banu Nasr, imezungukwa na maadui upande mmoja na bahari upande wa pili.

Baba yake alikuwa katika utumishi wa wafalme hao, na kwa hivyo kijana alilelewa Granada baina ya wanavyuoni na waandishi wa diwani. Akasoma Qur'ani, fiqhi, lugha na adabu. Kisha akasoma utabibu na falsafa kwa Yahya ibn Hudhayl, aliyekuwa bingwa wa elimu hizo mjini humo. Mwaka 1340 yalitokea mapigano makubwa karibu na Tarifa, na Waislamu wakashindwa. Siku hiyo moja Ibn al-Khatib alifiwa na baba yake na ndugu yake mkubwa. Baadaye akatiwa katika diwani ya mfalme Yusuf wa Kwanza, chini ya mwalimu wake Ibn al-Jayyab, aliyekuwa mkuu wa waandishi.

Alikuwa na maradhi ya kukosa usingizi. Mchana akishughulika na mambo ya dola, na usiku, watu walipolala, yeye akiandika. Kwa sababu hiyo watu wakamwita mwenye umri mara mbili. Vitabu vyake ni zaidi ya sitini, vya tarehe, mashairi, tasawwuf na tiba. Na kimoja katika hivyo vya tiba chaeleza namna ya mtu kuhifadhi afya yake kwa kufuata nyakati za mwaka. Hili twapenda msomaji alitie akilini tangu sasa: mtu huyu aliona kuwa kuilinda afya kabla ya maradhi kuja ni elimu inayostahili kuandikiwa kitabu.

Tauni Kuu

Mwaka 1347 tauni ilifika Iskandaria na kisiwa cha Sicily, imechukuliwa na merikebu za biashara. Mwaka uliofuata ikaenea Misri, Sham, Tunis na Andalusi, na katika sehemu kubwa ya Ulaya. Wanahistoria wakadiria kwamba katika Ulaya yapata theluthi ya watu walikufa katika miaka michache, na wengine husema ni zaidi ya hapo. Ibn Khaldun, ambaye wakati huo alikuwa kijana asiyetimia miaka ishirini, alifiwa na wazazi wake wote wawili huko Tunis. Ibn Battuta, msafiri yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa akirudi kwao mwaka 1348, akayakuta maradhi hayo yakimaliza watu wa Sham na Misri. Na kabla hajafika Tangier, mji aliozaliwa, akapata habari kwamba mama yake amekwisha kufa kwa tauni hiyo hiyo.

Katika Andalusi tauni ilianzia bandari ya Almería, mwezi wa Juni 1348. Tabibu wa mji huo, Ibn Khatima, alikuwapo, akaandika aliyoyaona. Ameeleza kwamba tauni ilipopamba moto walikuwa wakifa hapo watu yapata sabini kwa siku. Ameeleza pia habari ya soko lililokuwa likiuzwa nguo na matandiko ya waliokufa, kwamba wafanyaji biashara wa hapo walikufa karibu wote. Haikubagua dini wala cheo. Mfalme Alfonso wa Kumi na Moja wa Castile, aliyekuwa ameizingira Gibraltar ili awanyang'anye Waislamu, alikufa kwa tauni hiyo ndani ya kambi ya jeshi lake mwaka 1350.

Granada nayo haikusalimika. Mapema mwaka 1349 Ibn al-Jayyab akafa kwa tauni, na mwanafunzi wake Ibn al-Khatib, naye ana miaka thelathini na mitano, akakalia kiti chake. Basi ujue kwamba aliyoyaandika baadaye hakuyaandika kwa kusimuliwa. Aliyaandika mtu aliyepewa kazi kwa sababu mwalimu wake ameuawa na maradhi hayo.

Risala yake

Kijitabu alichokitunga chaitwa Muqni'at as-sa'il 'an al-marad al-ha'il, yaani cha kumkinaisha mwenye kuuliza juu ya maradhi ya kutisha. Ndani yake alisimama wazi juu ya jambo moja: kwamba tauni huambukiza, hutoka kwa mgonjwa ikamwendea mzima. Hakulisimamisha neno hilo juu ya dhana. Alisema limethibiti kwa majaribio, kwa kuchungua, kwa kuona kwa macho, na kwa habari zilizopokewa na watu wengi wasioweza kukubaliana juu ya uwongo.

Akaleta ushahidi mmoja baada ya mmoja. Anayemkaribia mgonjwa hupatikana na maradhi, na anayekaa mbali husalimika. Nguo ya mgonjwa au chombo chake huingia katika nyumba yenye wazima, kisha maradhi yakaanzia nyumba hiyo. Bandari huwa salama, ikatia nanga merikebu itokayo mji wenye tauni, na siku ile ya kufika kwake ndiyo siku ya kuanza maradhi mjini. Mateka wa Kiislamu waliokuwa wamefungiwa gudini huko Sevilla walisalimika, na mji wenyewe ulikaribia kumalizika. Mabedui wakaao katika mahema, mbali na miji, nao walisalimika.

Akataja pia habari ya mtu mmoja mwema wa mji wa Salé, katika Moroko, aitwaye Ibn Abi Madyan. Huyu aliamini kwamba maradhi huambukiza. Alipoona yanakuja aliweka akiba ya chakula, akauziba kwa kuujenga mlango wa nyumba yake, akakaa ndani na watu wake, nao walikuwa wengi. Mji ukaangamia, na katika muda huo wote nyumba ile haikutoka maiti.

Twaomba msomaji aiangalie vyema habari hii. Mtu yule hakuyangoja maradhi yaingie kwa jirani yake ndipo atafute unga, bali alijitayarisha yakiwa bado yako njiani.

Waliompinga, na hoja zao

Sasa twafika katika kiini cha maneno yetu. Wakati wa Ibn al-Khatib walikuwapo wanavyuoni waliokataa kabisa kwamba maradhi huambukiza, kwa kuwa imepokewa hadithi ya Mtume (s.a.w.) yenye kukanusha maambukizo. Wengine wakaongeza kwamba aliyekufa kwa tauni ni shahidi, basi kwa nini kuikimbia daraja ya mashahidi? Mkubwa wao katika Granada alikuwa mufti Ibn Lubb, na wala hakuwa mtu mjinga. Aliogopa jambo la kweli: kwamba watu wakiamini maradhi huambukiza watawatupa wagonjwa wao, baba asitazamwe na mwanawe, na maiti akose wa kumuosha, wa kumsalia na wa kumzika. Haki hizo ni faradhi juu ya Waislamu, naye alichelea zisipotee.

Sisi twasema kwamba Ibn Lubb alikuwa na haki katika kuogopa kwake, akakosea katika dawa aliyoitoa. Kumhudumia mgonjwa ni wajibu, lakini wajibu huo haumuondolei mtu jukumu la kutoyachukua maradhi akawapelekea wengine. Mambo mawili haya yote ni haki, na fakihi wa kweli ni yule anayeyakusanya, si yule anayelishika moja akalitupa la pili.

Ama Ibn al-Khatib aliwajibu kwa ukali. Alisema kwamba dalili iliyopokewa, ikiwa dhahiri yake yapingana na yale yanayoonekana kwa macho na kuthibiti, haina budi kufasiriwa kwa maana inayokubaliana nayo. Kuyakataa yaliyothibiti, na kuwafutu watu wajitie katika hatari, aliona ni kumfanyia Mungu ujasiri na kuyafanya maisha ya Waislamu kuwa kitu rahisi. Akataja kwamba huko Maghribi walikuwapo watu wema waliorudi katika fatwa zao na kushuhudisha kwamba wamerudi, kwa kuogopa wasije wakawa wamewahalalishia watu kujiangamiza.

Na maneno yake hayakuwa mageni katika dini. Mtume yule yule (s.a.w.) alikataza mtu kuingia nchi yenye tauni, na akakataza aliyemo ndani yake kutoka kwa kuikimbia. Aliamrisha pia wanyama wagonjwa wasichanganywe na wazima. Wanavyuoni wengi wameeleza kwamba kilichokanushwa katika ile hadithi ya kwanza ni itikadi ya watu wa jahiliya, waliodhani kuwa maradhi yana nguvu ya peke yake bila ya kupenda Mwenyezi Mungu. Hakikukanushwa kuwa Mungu amejaalia kila kitu na sababu yake. Naye Sayyidna Umar (r.a.), alipofika Sargh akaambiwa kwamba Sham mna tauni, aliwashauri masahaba kisha akarudi na watu wake. Alipoulizwa kama yuaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba yuatoka katika kadari yake kwenda katika kadari yake nyengine. Ni nani katika sisi athubutuye kusema kwamba imani ya Umar ilipungua siku ile?

Mwisho wake

Twapenda kusema kweli juu ya mtu huyu, wala hatutaki kumfanya walii. Aliupenda ukubwa na mali, na ulimi wake ulikuwa mkali, akajipatia maadui wengi. Mwaka 1359 mfalme wake Muhammad wa Tano alipinduliwa, naye Ibn al-Khatib akakimbilia Moroko, akakaa Salé. Mwaka 1362 mfalme akakirudia kiti chake, na waziri akarudi naye. Katika uwaziri wake huo wa pili ndipo ilipojengwa Granada maristani, yaani nyumba ya wagonjwa, iliyomalizika mwaka 1367 kwa amri ya mfalme.

Kisha fitina zikazidi. Mwaka 1371 alivuka bahari kwa siri, akaenda kwa mfalme wa Banu Marin aliyekuwa Tlemcen. Nyuma yake, kadhi wa Granada, an-Nubahi, akamtuhumu uzindiki kwa baadhi ya maandishi yake, hasa kitabu alichokitunga juu ya mahaba ya Mwenyezi Mungu. Vitabu vyake vikachomwa moto. Mfalme aliyemlinda alipokufa, akakosa pa kuegemea. Mwaka 1374 alikamatwa huko Fez. Aliyetumwa kutoka Granada kusimamia mashtaka yake alikuwa Ibn Zamrak, mwanafunzi wake mwenyewe, ambaye mashairi yake yangali yamechorwa katika kuta za Alhambra mpaka leo. Ibn al-Khatib akaadhibiwa, na kabla hukumu haijatolewa akanyongwa gerezani usiku. Alizikwa, kisha maadui wakamfukua na kumchoma moto, akazikwa mara ya pili karibu na lango liitwalo Bab al-Mahruq. Ndipo watu wakamwita mwenye mauti mawili, kama walivyomwita zamani mwenye umri mara mbili.

Hakuuawa kwa sababu ya risala yake juu ya tauni. Aliuawa kwa husuda na siasa, na dini ikafanywa kisu. Lakini watu waliozoea kuwafunga wengine midomo kwa jina la dini hawachagui, leo ni mahaba, kesho ni tiba.

Yaliyothibiti baada yake

Miaka mitatu baada ya kifo chake, mwaka 1377, mji wa bandari wa Ragusa, ambao leo ni Dubrovnik, ulitoa sharia kwamba atokaye nchi yenye tauni akae mbali siku thelathini kabla ya kuingia. Bandari nyengine zikazifanya siku hizo arubaini, na humo ndimo lilimotoka jina la karantini, lijulikanalo na kila baharia wa pwani yetu.

Mwaka 1894 huko Hong Kong, Alexandre Yersin alikiona kijidudu cha tauni kwa darubini. Mwaka 1898 huko Karachi, Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaokichukua kijidudu hicho kutoka kwa panya kwenda kwa panya mwengine na kwa mtu. Kisha ikajulikana kwamba tauni ikiingia katika mapafu, hupita kwa pumzi na kikohozi kutoka kwa mtu mpaka kwa mtu. Hapo ndipo ilipofahamika siri ya nguo za soko la Almería na ya merikebu zenye panya. Ibn al-Khatib hakumjua kiroboto wala kijidudu, naye kama matabibu wa zama zake alidhani kuwa hewa iliyoharibika ina sehemu katika jambo hilo. Lakini aliona sawasawa kwamba maradhi hutembea, akawaambia watu watengane nayo, na kwa hilo hakukosea.

Wala tauni haijakwisha duniani. Mwaka 2017 ilienea katika kisiwa cha Madagascar, jirani zetu wa bahari hii, wakaugua watu zaidi ya 2,000 na wakafa zaidi ya 200. Tofauti ni kwamba leo ina dawa, na anayewahi kutibiwa aghalabu hupona.

La kujifunza

Ndugu zetu, Machi 2020, maradhi ya Korona yalipoingia Kenya, misikiti ilifungwa, ikafunguliwa tena Julai kwa masharti ya watu wasiozidi mia moja na muda usiozidi saa moja. Wakati ule tuliyasikia tena maneno yale yale ya Granada, kana kwamba miaka mia sita na zaidi haikupita: kwamba anayekaa mbali na mwenziwe katika safu hana imani, kwamba Muislamu mwenye udhu hapatikani na maradhi, kwamba kifo kina siku yake. Nasi, Mungu atusamehe, tulipoulizwa siku za mwanzo, baadhi yetu tulinyamaza kwa kuchelea maneno ya watu. Tulikuwa tukiijua habari ya Umar na Sargh; tumeisoma tangu chuoni. Elimu tulikuwa nayo, ushujaa ndio tuliokosa. Na kunyamaza kwa anayeulizwa nako ni fatwa.

Kwa hiyo maneno haya twajiambia sisi wenyewe kwanza, kisha twawaambia wenzetu wa mimbari. Neno la sheikh huingia nyumba ambazo tabibu hafiki. Likiwa sawa huokoa, na likiwa baya huua, na aliyelisema ataulizwa. Anayeulizwa juu ya maradhi asiyoyajua na awaulize wenye elimu yake, kama Umar alivyowauliza waliokuwa naye, si aibu. Na aliyetoa neno kisha likabainika kosa, na arudi mbele ya watu, kama walivyorudi wale watu wema wa Maghribi.

Ama kujitayarisha, hakungoji siku ya msiba. Kila mtaa na uwe na watu waliofundishwa kuosha maiti wa maradhi ya kuambukiza kwa kujikinga mikono na uso, ili ile khofu ya Ibn Lubb isipate mahali. Kila msikiti na uwe na maji ya kutosha na sabuni, na uwajue wazee na wagonjwa walio karibu nao, ili siku watakapohitaji kukaa ndani wapelekewe chakula mlangoni. Wenye watoto wawapeleke kuchanjwa kwa wakati wake. Na nyumba iliyoingiwa na kuharisha kukali au homa isiyojulikana itoe habari hospitali siku ile ile, isifiche kwa kuona haya; kwani mgonjwa anayefichwa leo ni jeneza la jirani kesho.

Tukifanya hayo, kisha ikatupata kadari ya Mwenyezi Mungu, hapo ndipo tuseme kuwa tumetegemea. Kutegemea kuna mahali pake, napo ni baada ya kumfunga ngamia.

Twamuomba Mwenyezi Mungu amrehemu Lisanuddin ibn al-Khatib na amsamehe makosa yake, awarehemu waliokufa kwa tauni na maradhi mengine ya zamani na ya sasa, aihifadhi miji yetu, na atupe sisi elimu yenye manufaa na ulimi wa kuisema. Amin.